Kesi ya Bwana Afya

Kantugas, Bohol
12 Oktoba 1969

Kwa Manoy Ciriaco, kaka yangu,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto wote wa huko Hawaii. Natumaini goti limepoa, na kwamba yale meno mapya umeacha kuyatia mfukoni ukikaa kula. Sisi huku tu wazima. Mvua imetosha, mahindi yamebeba, nguruwe jike kazaa saba, mmoja kamlalia. Mgongo wangu unauma kama kawaida yake, wala sina habari nao.

Najua umeshangaa kuona mwandiko. Umezoea barua zangu kwa mkono wa mjukuu wangu Merlita, mimi nikisema naye akiandika. Hii nimeandika mwenyewe. Miaka miwili sasa Merlita ananifundisha herufi hapa kwenye meza ya jikoni, na mtoto yule ni mkali, nikikosea ananigonga vidole kwa mwiko wangu mwenyewe. Leo ni siku ya nne niko na karatasi hii. Usicheke. Yako maneno ambayo siwezi kumtamkia mtu aniandikie.

Unajua Merlita anafundisha historia, sekondari ya mjini, darasa la mwisho. Tangu Agosti anawafundisha Wamarekani. Kila jioni anayapitia masomo yake kwa sauti huku mimi naparua samaki, kwa hiyo nami nimesoma bila kulipa ada. Nimejua kwamba miaka ile tulipokuwa wadogo, huko kwao kulitokea watu wasiovumilia uchafu wala dhuluma. Waliwatoa watoto viwandani, wakasafisha machinjio, wakachimba mitaro ya maji machafu, wakapigania wanawake wapige kura. Halafu nchi hiyohiyo, miaka hiyohiyo, ikapanda meli na kuja kwetu visiwani huku, mizinga mkono mmoja na sabuni mkono wa pili. Nikamwambia Merlita achague moja, walikuwa watu wazuri au wabaya, samaki anaungua. Akacheka. Akasema hilo ndilo swali analowauliza wanafunzi, na ndiyo sababu hawampendi.

Basi akazua jambo la kesi. Wanafunzi wamshitaki Bwana Afya, yule Mmarekani wa mwaka 1914 aliyezunguka mitaani akikusanya wagonjwa wa ukoma na kuwapeleka kisiwani. Wamtafutie wa kumtetea na wa kumshitaki, halafu wahukumu. Akaniomba niende kuwa shahidi, kwa kuwa waliobaki hai walioona kwa macho ni wachache. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu akaniambia, "Lola, mimi nahangaika na kurasa tatu za kitabu, na wewe bibi yangu umekaa hapa na kitabu kizima tumboni." Nikaenda. Nilivaa gauni la hudhurungi, lile la mazishi.

Walikuwa watoto arobaini. Hakimu alikuwa mvulana aliyefunga tai ya baba yake, anagonga meza kwa mchi wa kinu kidogo. Bwana Afya alikuwa mtoto mrefu aliyejivika kikapu kichwani kuwa kofia ya Kimarekani. Mtetezi wake, binti mmoja mwenye mdomo kweli, alisema pampu ya maji ya sokoni mnayoinywea kila siku aliileta nani? Vyoo? Chanjo ya ndui? Akasema babu yake asingechanjwa yeye asingezaliwa, na nusu ya darasa lingekosa mtu wa kumwibia majibu ya hesabu. Wakacheka hadi mchi ukagonga. Mshitaki hakucheka. Aliinuka taratibu akasema kwamba kwao Wamarekani waliwatoa watoto viwandani wakawarudisha kwa mama zao, na hapa wakawatoa akina mama. Nilimwona Merlita dirishani anatazama nje.

Halafu wakaleta mshitakiwa wa pili, na hapo Merlita mwenyewe hakuwa na habari. Wale watoto walimwongeza wenyewe, kwa kuwa mji mzima unajua. Walimshitaki Sabas. Sabas jirani yetu, mkalimani wa Bwana Afya, yule wanayesema alitoa siri ya Mama alikofichwa na ukoma wake.

Sasa katika watoto wale yumo mjukuu wa Sabas, Nimfa, ana miaka kumi na mitano. Hakimu akauliza nani atasimama kumtetea Sabas. Hakuna. Wengine wakaanza kunong'ona na kuguna. Nimfa akainuka akasema, "Nitasimama mimi. Kwani lini alisimama mwingine?" Akaeleza kwamba babu yake husema siku zote kwamba alibeba mkoba na kutafsiri, basi, hakumtaja mtu. Mmoja wa nyuma akadakia, "Kumbe mkoba ndio uliosema!" Vicheko. Mchi.

Wakanigeukia mimi, bibi yao wote. Lola, ni Sabas aliyemwonyesha Mmarekani banda alimofichwa mama yako?

Nikasema sikuona.

Wakawahukumu wote wawili. Mtoto mwenye kikapu aliinama kama mcheza tamthilia, wakampigia makofi. Nimfa alirudi kiti chake akafungua daftari akaandika hukumu kama wenzake, kwa sababu Merlita alikuwa amesema itakuja kwenye mtihani. Aliandika jina la babu yake vizuri, akalipigia mstari kwa rula. Nilikuwa nimekaa karibu, niliona. Sikuhisi kitu. Nilisubiri kengele, nikarudi nyumbani nikapika.

Manoy, unajua nyumba ile imeishi vipi. Hakuna aliyekubali kusimamia ubatizo wa watoto wa Sabas, wote watano walisimamiwa na mpishi wa padri. Harusi zao watu walisingizia kuumwa tumbo. Wewe siku unaondoka kupanda meli ulitema mate langoni kwake, na mpaka leo kila barua yako unauliza kama yule mbwa bado anapumua. Nami kila mara nimemwambia Merlita aandike kwamba bado, na nikaishia hapo.

Sasa nasema. Siku ile wewe ulikuwa shule. Tatay, baba yetu, alikuwa ameenda mlimani. Nilikuwa napukuchua mahindi uani, na Mama yuko kwenye banda la kuchunia katani, mahali Tatay alipomficha miezi minane. Bwana Afya akaja na Sabas. Hakuwa mkali, Manoy. Shati lilikuwa limelowa jasho, na alikuwa anakohoa. Aliuliza kwa kinywa cha Sabas kwa nini msichana mkubwa kama mimi hayuko shule. Kweli ni kwamba Tatay alinikataza kwa kuwa ningeropoka. Nami nilitaka shule kuliko chakula. Kila siku ulikuwa unarudi na kibao chako cha kuandikia, ukanikatalia hata kukigusa.

Nikamuuliza Sabas, mgonjwa akiondoka, mimi nitaenda shule? Sabas akaniangalia. Hakumtafsiria Mmarekani. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Nyamaza, mtoto wewe. Ingia ndani." Sikuingia. Niliunyoosha mkono nikaonyesha banda. Kwa kidole hakuhitajika mkalimani.

Wakamtoa Mama. Alikuwa amejifunika shuka, na jua lilimuumiza macho. Alipopita karibu yangu aliniuliza, "Umekula?" Basi. Hakusema lingine, wala mimi sikumjibu. Miaka mitatu baadaye ikaja karatasi ya kifo kutoka kisiwani, ukaisoma wewe.

Juma lililofuata Tatay alinipeleka shule. Mwalimu akatusimamisha mlangoni akasema watoto wa nyumba yenye ugonjwa ule wasubiri mwaka. Mwaka ulipopita Tatay hakuuliza tena, nami sikumkumbusha. Wewe umeamini maisha yako yote kwamba nilizuiwa nibaki jikoni niwapikie. Nilikuacha uamini.

Sikulia siku ile, na sijawahi kulia kwa jambo hilo. Unakumbuka Mama alivyokuwa anashika chungu cha moto asijue anaungua, mpaka sisi tupige kelele? Ndivyo nilivyo hapo. Naona kinachoungua, ila hapaumi.

Jumamosi nilikwenda kwa Sabas. Ana miaka zaidi ya sabini sasa, amekonda, alikuwa kibarazani anamkanda jogoo wake miguu. Nikayasema yote nimesimama. Hakuacha kukanda. Akaniita kwa jina langu la utotoni, "Atang, mimi nilikuwepo. Umesahau?" Nikamuuliza kwa nini amenyamaza miaka hamsini na mitano, mpumbavu mkubwa wewe. Akasema nilikuwa na miaka saba, na mji ungenimaliza kwa wiki moja. Yeye alikuwa mtu mzima, alidhani maneno yatapita baada ya mwaka au miwili. "Hayakupita," akasema. Hakutabasamu. Halafu akaniambia nikae au niende, nikisimama hivyo namtisha jogoo. Nikakaa. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba.

Jumatatu narudi darasani. Nimemwambia Merlita kwamba shahidi ana neno la kuongeza. Aliniangalia, akachukua kitambaa akafuta meza ambayo ilikuwa safi, hakuuliza. Nitasema mbele ya watoto wote arobaini na Nimfa akiwa amekaa hapo na daftari lake. Lakini wewe lazima nikuandikie kwanza, alikuwa mama yako pia. Kama utaacha kuniandikia nitaelewa. Kama utaandika, mwandikie Sabas kabla yangu. Yeye hana wa kumsomea ila Nimfa, kwa hiyo chunga lugha yako.

Msalimie wifi, na umpe pole yangu kwa kuishi na kichwa kigumu kama chako. Watoto wabusu wote, hata yule mkubwa asiyependa kubusiwa. Usile chumvi nyingi. Ukija Krismasi, godoro lako nitalianika mapema, utakuja au hutakuja.

Na ukiona bado unahitaji mtu wa kumchukia kwa ajili ya Mama, jina lake hili hapa. Nimeliandika kwa mkono wangu.

Honorata