Mate ya Mtu wa Pili

Jumamosi, Karatu. Ukungu umeshuka mpaka usawa wa mabati na nguo nilizoanika juzi bado mbichi. Nimerudi kutoka Olbalbal na vumbi masikioni, na aibu ambayo sijajua niiweke wapi.

Kwa aliyefika hapa leo: mimi ni mama wa makamo niliyeanza uzamivu katika umri ambao wenzangu wanafungua maduka ya saruji. Nasoma epidemiolojia ya vinasaba, yaani namna magonjwa yanavyofuata ukoo. Swali langu ni la meno. Maji ya huku kwetu yana madini yanayoyapaka meno rangi ya chai, yangu yakiwemo. Lakini katika boma moja, maji yaleyale, mtoto mmoja meno yanaharibika na nduguye yanabaki meupe kama maziwa. Kwa nini? Jibu nalitafuta kwenye mate. Wazazi wakishakubali, watoto wanatema kwenye vichupa, na maabara inasoma vinasaba vyao.

Anayenikusanyia mate Olbalbal ni Saitoti, Mmaasai wa hukohuko, mtu mzima mwenye familia yake, mpole, anayefika mahali ambapo gari langu linagoma. Nilimwamini.

Mpaka wiki iliyopita.

Maabara waliniandikia kwamba vichupa vyote vya boma moja vina mate ya watu wawili: mtoto mwenyewe, na mtu mwingine, yuleyule mmoja katika kila kichupa. Mwanamke.

Saitoti ana mke.

Ndivyo akili yangu ilivyoruka. Nikaona picha nzima: watoto wametema kidogo, Saitoti kaona uvivu kuwangoja, kafika nyumbani, mkewe kamjazia. Halafu yakanirudia maneno ya utotoni. Mimi ni Mmbulu, na kwetu tulikua tukiambiwa Mmaasai akikusalimia, angalia kwanza ng'ombe wako wako wapi. Najua na wao wana yao ya kusema kuhusu sisi na majembe yetu. Nilidhani kusoma kumenitoa huko.

Msimamizi wangu, kijana ambaye ningeweza kuwa nilimbeba mgongoni, nilipomweleza akajibu kwa kifupi: kama humwamini, mwachishe, na boma hilo litoke kwenye utafiti. Nikamwandikia Saitoti ujumbe wa kumwachisha kazi. Ukakaa kwenye simu, unasubiri kidole tu.

Leo nikamwambia twende wote, nikasalimie watu. Njia nzima nilimchunguza. Alipopiga mluzi, nikausikia ni mluzi wa mwenye hatia. Aliponyamaza, nikaona kuna kitu anakinyamazia.

Bomani nikaomba anionyeshe anavyofanya. Watoto wakasukutua, wakasubiri, wakatema. Safi kabisa, mpaka nikaanza kukata tamaa ya kumkamata. Ndipo bibi yao akatoka nyumbani, koko kama wanavyomwita kwa Kimaasai, mwembamba mwenye shanga mpaka mabegani. Akakiinamia kila kichupa kabla hakijafungwa, akatema kidogo. Ptu. Kinachofuata, ptu. Saitoti kakishika kwa mikono miwili, kichwa kakiinamisha kama yuko kanisani.

Kwa Wamaasai, mzee akikutemea mate amekubariki. Hilo nalijua tangu sina meno ya kuharibika.

"Saitoti, na siku ile ilikuwa hivihivi?"

"Ndiyo, mama. Ulisema wasile kwanza, na wasukutue. Kuhusu baraka hukusema kitu."

"Na wewe hukuona tatizo?"

"Ningemkataza koko? Mate ya wajukuu zake yanakwenda mpaka Dar, hayamjui mtu huko, halafu yaende hivihivi?" Akafikiri kidogo. "Nilijua maabara watayachambua. Si ndiyo kazi yao?"



Nasoma undugu wa damu, kwa shahada ambayo juu yake hakuna nyingine, na sikuwauliza maabara swali moja jepesi: huyo mwanamke ana undugu na hao watoto? Sikuuliza kwa sababu mtu wangu nilikuwa nimeshampata.

Tumerudia vichupa vyote. Nikamwomba koko, Saitoti akitafsiri, kwamba baraka aniwekee mimi, kwa kuwa ndiye ninayeyasafirisha hayo mate. Hakuona shida. Nikainama, akanitemea utosini, na miwani ikapata fungu lake.

Ujumbe nimeufuta. Boma linabaki kwenye utafiti na Saitoti anabaki kazini, na yeye hajui kwamba aliwahi kuwa na mguu mmoja nje. Kesho akitoka kanisani anakuja kwangu kunywa chai. Nimeamua nimweleze yote niliyomdhania, hata la mkewe. Sijui nianze na mke au nianze na mluzi.

Ila kuna jambo linanikera tangu tuondoke kule, linanifanya nijiulize kama kweli hajui. Koko alipomaliza kunibariki, Saitoti alimwambia kitu kwa Kimaasai, taratibu, bila kunitazama. Koko akaniangalia usoni, akatikisa kichwa kwa huruma, akanirudia.

Safari hii hakutema kidogo.