Bahasha ya Mtendaji

Alhamisi. Upepo wa Chamwino leo umenijaza vumbi mpaka kwenye meno, na moyo wenyewe hauko safi.

Mimi niliyekula maisha Mbeya, Tanga mpaka Lubumbashi, si mtu wa kuchezewa na karani. Shule niliiachia njiani, sawa, lakini barua za watu hapa nje ya ofisi za halmashauri naziandika mimi. Ndiyo maana Mama Mwaja, muuza supu, alinikimbilia alipopewa notisi: kibanda chake cha langoni kinavunjwa Jumatatu. Ana watoto wanne na hicho kibanda. Basi.

Nikamwandikia Mkurugenzi moja kwa moja, kwa mbwembwe, kama namwandikia shemeji. Jana ikarudi na wino mwekundu: "Ipitie kwa Mtendaji wa Kata."

Mtendaji huyohuyo aliyesaini notisi!

Yaani nimshtaki mtu, halafu nimpe yeye mashtaka anipelekee? Mpangaji wangu Nyemo, anayesomea utawala wa umma kule Chimwaga, akanihubiria: "Mjomba, hiyo ni ngazi. Haruhusiwi kuizuia. Anaandika maoni yake, anaipandisha. Mamlaka ni ya kiti, siyo ya mtu."

"Kiti hakina tumbo," nikamjibu. "Mtu analo."

Leo asubuhi nikaenda na barua. Mtendaji, dada mmoja mkavu asiyecheka hata na mimi, akasoma, akaandika kwa muda mrefu, akaitia kwenye bahasha, akagonga muhuri pale inapofungwa. "Kaka, ipeleke masijala ya Mkurugenzi leo. Kama ilivyo."

Kama ilivyo.

Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Kwa nini aseme hivyo? Anaficha nini? Nikazunguka nyuma ya ukuta, mjanja mimi, nikaichana.

Ameandika kwamba notisi aliisaini kwa agizo la juu, ila kwa maoni yake mama huyu apewe nafasi upande wa pili wa lango. Ni msafi na hana kazi nyingine.

Nilisoma mara tatu nikitafuta mtego. Hamna.

Nikairudisha barua ndani, nikaipeleka. Masijala wakaigeuza bahasha, wakaona muhuri umekatika katikati, wakanirudishia. Barua ya ofisi iliyofunguliwa njiani hawaipokei.

Mchana Mama Mwaja kaniuliza, "Baba, imefika?" Nikasema imefika. Akanipa supu ya bure. Nikainywa yote.

Sasa nina wasiwasi mwingine: huyo dada ataniandikia tena, au ataiacha tu Jumatatu ifike? Ningekuwa yeye, mtu kama mimi ningemtimua. Gundi ninayo hapa mezani. Nikiziunganisha nusu za muhuri vizuri...

Hapana. Kesho kabla ofisi haijafunguliwa niko mlangoni, na nikitoka hapo naenda kumwambia Mama Mwaja ukweli. Kwa Mtendaji nitasema, "Dada, nimeifungua mimi." Halafu ninyamaze.

Hilo la kunyamaza ndilo sijawahi kulijaribu.