Lori Lililofika Baridi

Komarock, Jumatatu

Baba Tiffany,

Pole na joto la Mombasa. Huku hatujambo, Tiffany ameng'oka jino la mbele, na maji yamerudi.

Oili ya giaboksi uliyoagiza nimempa Mulongo, dereva mwenzako, akuletee. Barua nimeiweka ndani ya katoni.

Ulipotafutia lori lako giaboksi ya otomatiki iliyokarabatiwa, Kabiru wa hapa mtaani alikuwa na moja yenye garantii ya mwaka mzima. Ukachagua ya Nduta wa mtaa wa Jericho, eti kwa sababu alikufungulia ukaona klachi mpya za ndani kwa macho yako. Sawa, fundi ni fundi, hata mwenye kucha nyekundu. Lakini kila safari lazima oili aipime yeye?

Jumamosi ulisema umetoka Mombasa moja kwa moja hadi kwa Nduta, na umechelewa kufika nyumbani kwa sababu alingoja lori lipate moto kwanza, maana oili ya otomatiki hupimwa ikiwa moto. Nimemuuliza Kabiru. Ni kweli.

Sasa nieleze: lori lililotoka Mombasa moja kwa moja lilifikaje Jericho baridi? Lililala hapo. Na wewe husema huwezi kulala mbali na lori lako.

Oili ndiyo hiyo. Pima mwenyewe.

Aliyekuamini mpaka Jumamosi,
Mama Tiffany