Ngozi ya Ndama wa Bihogo

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwangua mafuta upande wa nyama wa ngozi mpaka kisu kimekuwa butu. Ndama alikufa alfajiri, tumbo limevimba. Mama yake, Bihogo, analia zizini mpaka sasa. Amegoma kushusha maziwa. Leo nimepata kikombe kimoja.

Rehema, mke wangu, ni mgonjwa na hana chakula kingine kinachokaa tumboni. Uji unarudi. Maziwa ya pakiti yanarudi. Ng'ombe wa majirani wamekauka na kiangazi. Ni Bihogo tu.

Nitafanya kama baba alivyofanya kwetu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kabla hatujakimbia. Ngozi itiwe chumvi, ikauke, ijazwe nyasi, isimamishwe mbele ya mama. Akiilamba, maziwa hushuka. Nilikuwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kushika miguu ya ngozi.

Jumanne, 7 Oktoba

Chumvi ya dukani haikutosha hata mgongo. Jirani yangu Masinga akaleta gunia la chumvi ya mbugani, ile anayolambisha ng'ombe wake. Hakutaka kushukuriwa.

Nimesugua masikio, miguu, kingo zote. Nimeikunja, upande wa nyama ndani, nikaviringisha, nikaiweka kwenye ubao ulioinama ili maji yachuruzike.

Masinga anataka tuijaze ikiwa mbichi. “Mwalimu, ng'ombe hasomi vitabu. Mpe mtoto wake leo.”

Nikasema ikioza ataikimbia.

“Na kiwele kikikauka?”



Jumatano, 8 Oktoba

Nusu kikombe. Nimekung'uta chumvi iliyolowa, nimetia nyingine.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ngozi imewambwa kivulini tangu jana. Upepo wa hapa Chamwino ni mkavu, unasaidia. Naishika kila mara kama mtu anayepima homa. Masikio bado yana unyevu. Maziwa: vijiko tu. Naogopa.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumeishona na kuijaza. Miguu ni vijiti. Masinga akacheka: “Huyu ndama, au mto wa kulalia?”

Bihogo hakucheka. Alinusa, akanguruma kwa chini, akaanza kulamba. Shingo, mgongo, masikio. Kiwele kikajaa mkononi mwangu. Karibu lita nzima. Rehema akanywa, yakakaa. Nimelia nyuma ya zizi. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumatatu, 13 Oktoba

Maziwa mengi tena. Lakini kuna manyoya kwenye ulimi wa Bihogo.

Nimevuta kidogo manyoya ya ngozi, shingoni, kwa vidole viwili. Yametoka yote, bila kukaza. Nimeonja chumvi iliyobaki gunini. Ina magadi. Kwa kulambisha mifugo haina neno. Lakini yanayolainisha maharage chunguni yanalegeza pia shina la manyoya. Haya nimeyasoma zamani. Sikufikiri kuonja.

Masinga sijamwambia. Alitoa kwa moyo.

Jumanne, 14 Oktoba

Nilijaribu kumzuia asilambe. Asipolamba, hashushi. Nikamwachia. Anamlamba mtoto wake na kumfuta. Ubavu wote umebaki upara.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo alinusa, akageuka. Nikasogeza ngozi puani. Akarudi nyuma, akanitazama mimi.

Simlaumu. Niliporudi kwetu, mara ile moja, nilisimama kwenye kiwanja cha baba yangu, nisikitambue, nikauliza hapa ni kwa nani.

Nusu kikombe. Jioni, hakuna.

Jumamosi, 18 Oktoba

Rehema amelamba maji kwenye kijiko. Mganga wa zahanati amekuja, amepima, amesema tuendelee kumpa anachoweza. Masinga alikaa mlangoni muda mrefu, kofia mkononi. “Shemeji, pole.” Hakutania.

Jumatatu, 20 Oktoba

Bihogo halii tena. Ameenda malishoni na ng'ombe wa Masinga. Alipita karibu na ngozi niliyoitupia juu ya uzio bila kuinua kichwa.

Kumetulia. Rehema ameniuliza kama ng'ombe bado analia. Nimesema hapana. Akanusa mkono wangu, akasema unanuka zizi. Nilitaka kuuondoa nikanawe.

Ameushika.