Ukurasa wa Papa Rashidi

Kabondo,
Kisangani.
Jumapili, tarehe 12 Mei 2024.

Mpendwa dada yangu Djamila,

Assalam aleikum kutoka nyumba yote. Kabla ya neno lolote, hujambo? Shemeji Ismaël hajambo? Baridi ya Liège imewaachia vidole? Amani na Vicky wanakula vizuri, au bado ni mkate na chokoleti asubuhi mpaka jioni? Sisi huku tu wazima. Mama analalamika goti, lakini juzi nilimwona akimkimbilia muuza samaki, basi goti hilo lina siri zake.

Mimi usiniulize. Mwaka huu bahati inatembea mbele yangu ikipiga honi. Ule ukurasa wa marehemu papa wetu ulioniomba niuandike katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo watu wa dunia nzima wanaiandika pamoja bila malipo, niliuandika kwa siku moja, na umesimama. Nimeweka yote: Papa Rashidi fundi cherehani, na ule mwaka aliowashonea watoto wa Kabondo sare kutokana na magunia ya unga ili wasifukuzwe shule. Hakuna aliyegusa hata nukta. Wengine wanahangaika miezi. Mimi niliyeacha masomo mwaka wa pili wa sekondari nimeingia kwa mguu wa kulia. Unasema umeutafuta huko hukuuona. Ni mtandao wa Ulaya, dada. Huku kwetu uko wazi kabisa.

Amani asiwe na wasiwasi. Najua mwalimu wake anataka kila mtoto aeleze habari za babu yake mbele ya darasa mwezi wa sita, na najua amekwisha kujitapa kwamba babu yake yumo katika kamusi elezo. Kujitapa huko amemrithi tonton wake, mimi mjomba.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu jirani yetu Mama Colette anasafiri kuja huko Jumatano, na kwa sababu kwenye simu huniachii nimalize sentensi, tangu utotoni.

Bon, habari za Jumamosi zetu. Chumba changu cha kutengeneza simu, pale Makiso, kina paneli mbili za jua, kwa hiyo kina umeme hata mji mzima ukiwa unanung'unika. Ndiyo maana wanaojifunza kuandika katika kamusi hiyo wanakutana kwangu. Mwalimu ni Benie, mwanafunzi wa chuo kikuu, binti wa miaka ishirini na miwili, mwembamba kama antena, na hana mchezo. Mimi ni mwenyekiti. Kazi ya mwenyekiti ni kufungua mlango na kusema sana.

Mwanzoni tulikosea kama watu wa hapa tunavyojua kukosea. Tulikuwa wanane na simu nzuri mbili, basi tukafungua jina moja la kuandikia, tulitumie wote, kama vile tunavyokula sahani moja. Kumbe kanuni yao ni kichwa kimoja jina moja, ili kila mtu abebe maneno yake mwenyewe. Wasimamizi wa kule wakauliza ni nani huyu anayeandika juu ya mpira, mihogo na nyimbo za kanisa bila kulala. Tulieleza, wakaelewa, kila mtu akafungua lake.

Lakini nataka kukupa habari za Papa Léon, maana zimenikaa moyoni.

Papa Léon aliongoza baleinière, zile boti ndefu za mbao zenye injini, miaka thelathini kati ya Kisangani na Opala. Mto Lomami anaujua kuliko kitanda chake. Alikuja Jumamosi moja, akatumia saa tatu kuandika kwa kidole kimoja: mchanga unapohama, boti inapogeukia, maji yanapodanganya macho. Alipomaliza alituangalia kama mtu aliyejifungua salama. Benie akasoma, halafu akasema mbele ya wote:

"Chanzo iko wapi?"

"Chanzo ya nini?"

"Ya haya yote, papa. Kitabu, gazeti, kitu fulani iliyochapishwa."

"Weye mutoto, ile mto mimi nimeipita miaka makumi tatu. Chanzo ni mimi!"

"Pardon, papa, lakini weye si kitabu. Lazima tuitoe."

Watu walicheka. Aliyecheka kwa nguvu kuliko wote ni mimi, Mungu anisamehe. Papa Léon alichukua kofia yake akatoka. Unajua kwetu, dada: mkubwa hasahihishwi mbele ya watu, unamwita pembeni. Na kule kwenye kamusi kila kitu kinasahihishwa hadharani, mkubwa na mdogo sawa. Siku hiyo adabu mbili ziligongana mlangoni kwangu.

Nilipanda toleka, nikamwambia mwenye baiskeli akanyage pedali kweli kweli. Nilimkuta Papa Léon bandarini anaangalia maji.

"Alfani," akasema bila kugeuka, "nikikufa kesho, ile maneno yangu inaenda wapi?"

Nikasogea karibu naye. Nikakaa. Kisha nikasema: "Papa Léon, kama kila mutu anaandika ile anajua peke yake, mutu wa Yahuma, kule Lomami haifiki, atakuja kuandika kama Lomami inapita mlangoni kwake. Utamukatalia na nini?"

"Nitamupeleka aione!"

"Na musomaji iko Japani? Naye utamupeleka?"

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka. Nilichomweleza ndicho ninachokifikiri mpaka leo. Hapa tunamwamini mtu kwa sababu tunamjua, tunajua amezaliwa na nani, tunaona macho yake anaposema. Msomaji wa mbali haoni macho yako. Anachoweza kushika ni karatasi. Kanuni ile haisemi Papa Léon ni mwongo. Inasema ukweli wake haujapata karatasi. Na hilo ni jambo chungu, kwa sababu kwetu ni wangapi walioandikwa? Waliofanya kazi kweli hawakuwa na nafasi ya kumtafuta mwandishi wa gazeti.

Jumamosi iliyofuata Benie alimpelekea mzee nyumbani kwake sahani ya makemba, ndizi za kukaanga, kabla hajafika kwangu. Kanuni hakuiombea radhi. Aliomba radhi kwa namna alivyosema, na mbele ya nani. Kisha akamwambia kuna kitu kisichohitaji kitabu: picha uliyopiga mwenyewe, ukakubali kila mtu aitumie. Mzee akaazima simu kwangu, akapanda boti ya wenzake mpaka Opala, akarudi na picha arobaini. Thelathini zilikuwa za kidole gumba chake. Lakini moja, ya wanawake wakipakua mihogo asubuhi ukingoni mwa Opala, imewekwa, na jina lake limeandikwa kwamba ndiye aliyeipiga. Aliiangalia mpaka simu ikazima.

Tangu hapo tumebadili utaratibu. Mgeni hakaribishwi kwa swali la chanzo. Anasalimiwa, anaulizwa habari za nyumbani, anapewa kiti. Siku ya kwanza anasahihisha kosa dogo katika ukurasa wa mwingine, ili aonje mkono wa anayefuta kabla ya kufutwa yeye. Halafu anaonyeshwa historia ya ukurasa, mahali ambapo neno lililotolewa bado linaonekana, pamoja na jina la aliyelitoa. Anayeionyesha sasa ni Papa Léon. "Unaona?" anawaambia. "Haikutupwa. Iliwekwa pembeni." Na mwenye kutaka kuandika juu ya ndugu yake wa damu, Benie anamwomba awaachie wengine. Nani ataandika kwamba baba yake alikuwa mtu wa kawaida?

Jana mama mmoja mgeni aliona ukurasa wa marehemu mume wake umeondolewa, akalia pale pale kwenye kiti.

"Weye mwenyekiti," akaniuliza, "weye ulishafutwa?"

Nikamjibu ndiyo, mara nne. Akapangusa macho, akataka kujua ni ukurasa wa nani. Nikamwambia ngoja, mama, kuna mtu mwingine anayepaswa kusikia kabla yako.

Dada, karatasi inaisha. Msalimie sana shemeji Ismaël, mbusu Vicky, na Amani mwambie tonton anamwaza. Mama anakuombea kila sala. Tonton Hamadi anauliza kama lile koti alilokuomba limepatikana. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape riziki nyepesi kubeba, na atukutanishe tena kwenye mkeka wa mama tukiwa wote hai.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Alfani.

N.B. Dada, ukurasa wa papa haupo. Niliuandika mimi mwanawe, bila chanzo, ukafutwa. Nikaurudisha mara tatu, nikamtukana msimamizi, jina langu likafungiwa mwezi mzima. Nilikaa maktaba siku tatu nikitafuta karatasi inayomtaja papa. Hakuna hata mstari mmoja. Mwambie Amani mapema. Niliyokuandikia pale juu ni uongo.