Pazia la Saa Nane

Great Barr, Birmingham

Kwako mdogo wangu Tausi,

Assalam aleikum. Kabla ya yote nataka habari za magoti yako. Mara ya mwisho ulisema la kushoto limetulia lakini la kulia bado linakusumbua ukitaka kusujudu. Ile dawa ya kupaka niliyompa mke wa Hamadi ilifika? Na paa la jikoni mmeliziba, au mnasubiri mvua iwakumbushe? Mimi sijambo, presha kidogo tu, vidonge nameza kila asubuhi. Rajabu naye ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha na kalamu.

Utajiuliza barua ya nini na simu ipo. Tausi, wewe simu ukiipokea unaiweka sauti kubwa, na nyumba nzima inahamia sebuleni. Hili nataka ulisikie peke yako. Kuna mama mmoja wa Kigoma anatunza wazee hapa, anakuja kusalimia kwao, ndiye nimempa bahasha. Usimpe binti yako akusomee. Soma mwenyewe hata ikikuchukua siku mbili. Mwandiko wangu unaujua, sote tuliishia darasa la nne.

Uliniuliza Rajabu amehamia timu gani, kwa sababu shemeji anasubiri jezi mpya ya kuvaa sokoni. Jibu ni kwamba hana timu. Na aliyemkosesha timu ni mimi.

Nianze mbali kidogo. Najua huko mnafikiri kila anayecheza mpira Ulaya ni wale wa kwenye televisheni. Rajabu hakuwa wale. Yeye ni kiungo, anakaa katikati, anapokea mpira kwa huyu anampa yule. Akifanya vizuri hakuna anayemwona, akikosea uwanja mzima unalijua jina lake. Timu zinamtaka mwaka mmoja, mwaka na nusu, halafu zinamshukuru. Tangu baba yake afariki, Mungu amrehemu, Rajabu akiwa na miaka kumi na minane, aliniambia, "Mama, usibaki peke yako kwenye nyumba hii, twende wote." Nikafunga virago. Sasa ana thelathini na minne, na mimi bado nafunga virago.

Kazi yangu miaka yote hii imekuwa moja. Wachezaji hulala mchana, Tausi. Asubuhi wanakimbia, wanakula, halafu wanalala ili mwili ujirudishe. Rajabu analala saa nane mpaka saa kumi, na mimi nakaa jikoni nalinda. Sifungui redio, situmii mashine ya kufulia, mtu akigonga mlango namfuata nje na kidole mdomoni. Katika mji wa kwanza, kule kaskazini ya Ufaransa, dirisha lake lilikuwa linapigwa na jua la mchana. Nikanunua kitambaa kizito cheusi nikashona pazia. Pazia lile lile ndilo tulilozunguka nalo. Dirisha likiwa fupi napinda, likiwa refu nafumua. Ukilishika chini utaona mistari ya sindano imepangana, na kila mstari naujua. Huu wa Ubelgiji. Huu wa Romania, ambako maji ya ndoo yaliganda barazani. Huu wa Ugiriki, timu ilikufa katikati ya msimu, wachezaji wakafika asubuhi wakakuta geti lina kufuli. Uturuki kuna miwili. Madirisha tisa kwa jumla, na hili la hapa Birmingham ndilo tulilokaa nalo sana kuliko yote, miaka mitatu. Hata ule mngurumo wa magari ya barabara kuu, hausimami mchana wala usiku, yeye aliuzoea akasema unambembeleza.

Mkataba wa timu ya hapa ulikwisha mwezi wa sita. Hawakuongeza. Kiangazi chote akawa anakimbia peke yake bustanini, akirudi anakaa anaiangalia simu. Kocha wa watoto wa timu hiyo hiyo alimwambia, njoo unisaidie kufundisha, una akili ya mpira. Rajabu akamwambia atafikiri. Kwangu akasema, "Mama, hiyo ni kazi ya mtu aliyemaliza."

Na goti lake, Tausi. La kulia, kama lako. Mbele ya madaktari wa timu anaruka na kukunja kama hana neno. Lakini asubuhi, kabla goti halijapata moto, anashuka ngazi za nyumba hii akiwa amekaa, ngazi moja moja, kama alivyokuwa akishuka alipokuwa na mwaka mmoja. Anafikiri nipo jikoni sioni. Mimi nasubiri afike chini, halafu ndiyo nakohoa.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa siku ya mwisho ya usajili. Wakala wake, yule Mfaransa mzee mwenye nywele nyeupe anayemtafutia timu, alikuwa amesema kuna timu ya kisiwa cha Kuprosi inamfikiria. Ikaja saa nane hakuna habari. Rajabu akaniachia simu mezani kama kawaida, akasema lile neno analosema siku zote, "Usiniamshe kwa mtu yeyote, isipokuwa wakala." Akapanda juu.

Miaka yote hiyo nimemwamsha kwa wakala mara nne. Kila nilipomwamsha, wiki haikupita tukawa uwanja wa ndege.

Saa tisa kasorobo simu ikalia. Picha ya yule mzee ikatokea, na skafu yake shingoni. Sikuhitaji kusoma jina. Niliinuka, nikafika mpaka chini ya ngazi, mkono nikauweka kwenye mbao za pembeni. Nikasimama hapo. Ikakata. Ikalia tena. Nikarudi jikoni, nikafunua ndoo ya mchele, nikaizika simu ndani, nikafunika. Mara ya tatu niliisikia inatetemeka humo, na mchele unasogea. Mara ya nne pia. Baadaye ikanyamaza. Nikaanza kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Nikaitoa kabla ya saa kumi, nikaipangusa na kanga, nikairudisha mezani. Rajabu akashuka.

"Hakuna aliyepiga, Mama?"

"Labda. Nilikuwa naswali."

Hilo, Tausi, ndilo linaloniuma kuliko mchele. Nilimtia Mungu kwenye uongo wangu.

Akapiga Ufaransa. Nilisikia upande wake tu: ndiyo, ndiyo, naelewa, asante. Akaweka simu chini. "Walitaka jibu kabla ya saa kumi. Wamemchukua mtu mwingine, Mreno." Nikampakulia. Alikula chakula chote, akaosha sahani yake, akatoka kwenda kutembea.

Kesho yake asubuhi simu ikakataa kuingia chaji. Alikaa mezani, akaniomba sindano. Nikampa ile ninayoshonea pazia. Akachokoa kwenye tundu la chaji, pole pole, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Ikatoka punje ya mchele. Akaiweka mezani mbele yangu.

"Ulijua ni yeye?"

"Nilijua."

"Hukuwa unaswali."

"Sikuwa naswali."

"Kwa nini?"

Nikamwambia goti. Nikamwambia nimekuwa nikimwona kwenye ngazi. Akaniangalia kama watu wanavyomwangalia mtu waliyemkuta anapekua kabati lao. Akasema, "Goti ni langu, Mama." Akapanda juu kwa miguu, haraka haraka, kila ngazi nikiisikia.

Siku nne hatukusemeshana zaidi ya salamu. Alikuwa anakula nje. Saa nane haji kulala, na mimi nakaa jikoni kwa mazoea, nyumba kimya, nalinda chumba kisicho na mtu.

Siku ya tano nikapanda mabasi mawili mpaka Sparkhill kwa Habiba. Nimeshakutajia habari zake, Msomali wa Kenya anayeuza vitambaa Stratford Road, ndiye rafiki yangu hapa. Alikuwa anampimia mteja kitenge. Nikamweleza yote hapo hapo, yule mteja akiwa amesimama. Habiba akaacha mkasi.

"Wee! Mama Rajabu! Simu huwekwa kwa mchele ikiwa imeingia maji. Hukumwambia tu imeanguka kwa sinki?"

Yule mteja akacheka, na mimi nikacheka, halafu kicheko kikageuka. Habiba akanivuta nyuma ya marobota, akanipa chai ya maziwa.

"Sasa niambie ukweli," akasema. "Ulimfichia simu kwa sababu ya goti lake, ama ni wewe hutaki kutoka Birmingham?"

Jibu nimelitafuta kwenye basi wakati wa kurudi, nalitafuta mpaka sasa ninapokuandikia. Kuprosi sina Habiba. Kuprosi nitaanza tena kuonyesha kwa kidole kwenye duka la nyama. Nina miaka sitini na miwili, Tausi. Labda nilimhurumia yeye. Labda nilijihurumia mimi nikaliazima goti lake. Wewe unanijua tangu tulale mkeka mmoja, ukipata jibu uniandikie, usinionee haya.

"Na wewe pia," Habiba akasema, "mwanamume ana miaka thelathini na nne na unamlinda akilala kama wa kunyonya. Nani alimzoesha?"

"Mimi."

"Basi usishangae ukishindwa kuacha."

Nilirudi na kichwa kizito. Usiku ule sikupata usingizi, na ule wa kesho yake hivyo hivyo. Asubuhi nikamsubiri Rajabu chini ya ngazi. Safari hii sikujificha wala sikukohoa. Alishuka amekaa, akanikuta. Nikamwambia, "Nilikosea. Si kwa goti. Nilikosea kwa sababu ulisema nikuamshe, na mimi nikakuamulia. Na labda nilikuwa najionea huruma mwenyewe." Akabaki amekaa kwenye ngazi ya tatu kutoka chini.

"Ungeniamsha ningekwenda," akasema.

"Najua."

"Na goti lingekatikia huko."

Hilo halikuwa langu kulijibu. Akanyanyuka, akapita pembeni yangu, akatia maji kwenye birika. Chai alikunywa mbele yangu, hilo tu.

Mchana ule usingizi wa siku mbili ukanikamata. Nikaingia chumbani kwangu, nikajilaza juu ya shuka na kilemba kichwani, nikisema nitafumba macho kidogo. Chumba changu kinatazama barabara, jua la mchana lote ni langu, sijawahi kulala humo saa hizo.

Nilipoamka palikuwa giza. Nikaruka, nikafikiri magharibi imenipita. Nikapapasa mpaka dirishani, mkono ukagusa kitambaa kizito. Lilikuwa pazia. Lile jeusi. Alikuwa ameligongomea juu kwa misumari minne, limekaa upande, na refu mno, nusu yake imelala sakafuni. Nilikuwa nimelala pale, mtu amegonga misumari juu ya kichwa changu, sikusikia.

Chini mlango ukagongwa. Ni kijana mmoja wa Kipakistani anayetuachia mizigo ya majirani, ana mkono mzito kama anavunja nyumba. Nikasikia Rajabu anakimbilia mlango, goti na yote, akafungua, akamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, apunguze kelele, mama yake amelala.

Nikarudi kitandani, Tausi. Sikuwa na usingizi, lakini nilirudi nikalala pale mpaka saa kumi ikafika, kwa sababu mtu alikuwa ananilinda.

Kuprosi haitajwi tena humu ndani. Sijui kama amenisamehe au amechoka kukasirika, sikumuuliza. Jumatatu alikwenda kwa yule kocha wa watoto, akarudi na filimbi shingoni, akaitundika kwenye msumari jikoni bila maelezo. Anashuka ngazi akiwa amekaa hata nikiwa namtazama. Jana nimelifumua pazia na kulipinda upya kwa dirisha langu. Umekuwa mstari wa kumi.

Mpe salamu shemeji, mwambie jezi mwaka huu hakuna, aendelee na hii ya hapa mpaka ichanike, na wanaomcheka sokoni kwamba anahama kila mwaka waambie safari hii ametulia. Msalimie Hamadi kaka yetu na mke wake, na mama mkwe wako kama bado ananikumbuka. Wapwa zangu wote uwabusu, na binti yako umwambie nampenda sana, ila barua hii asiisome. Magoti yako uyapake kila usiku, usiache kwa uvivu.

Naacha kalamu hapa. Saa nane imegonga, na Rajabu ameshapunguza sauti ya televisheni.

Dada yako akupendaye,
Mwanaidi, Mama Rajabu