Moja, Tatu, Nne, Mbili

Jumatatu, 6 Mei

Nimesafisha plagi tena. Mara ya nne tangu Idd. Nimezipiga msasa, nimezirudisha, nimepiga stata. Injini inazunguka, haiwaki. Mchana likitoka jua inawaka kama haijapata kuumwa. Asubuhi ya mvua, hakuna. Na masika haya kila asubuhi ni ya mvua.

Dada Asha anapasuliwa azae, hospitali ya Chake, Alhamisi ya wiki ijayo. Saa moja asubuhi awe wodini. Mumewe yuko Maskati. Mwaka juzi uchungu ulimjia alfajiri, gari hii hii ya Baba ikazimika njiani, mtoto akafia tumboni. Daktari kasema safari hii asingoje uchungu.

Dereva ni mimi. Naogopa.

Jumanne, 7 Mei

Nimemwomba Baba tumwite Mzee Faki. Nyumba yake inatazamana na yetu, barabara tu katikati. Ndiye fundi aliyeiuguza gari hii miaka kumi na mbili. Baba kasema gari yake haitoguswa na mkono wa mtu wa chama kile.

Tangu uchaguzi ndivyo tunavyoishi. Wa huku hawasemi na wa kule. Hatuzikani. Hatununui dukani kwao. Gari nyingine hapa kijijini ni yao, haituchukui.

Sina haki ya kumlaumu Baba. Nyumbani humu mimi ndiye wa kwanza kumpita Mzee Faki bila shikamoo. Nilijiona shujaa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefungua kabureta. Nimechuja petroli kwa kitambaa cheupe. Safi. Siku mbili nimezipoteza kwa kitu kizima.

Nafundisha fizikia. Cheche naijua ubaoni. Ndani ya chuma siioni.

Asha hukaa kizingitini, mikono juu ya tumbo, akinitazama. Bora angeuliza.

Jumamosi, 11 Mei

Siku mbaya.

Nilichomoa waya zote nne za plagi, nikazipangusa, nikazianika. Nikazirudisha. Nikapiga stata. Ukatoka mripuko ambao nilihisi umenipasua kifua. Barabarani watu walikimbia. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine.

Baada ya muda mfupi akaja sheha, mtu wa serikali hapa kijijini, na askari wawili.

"Bomu liko wapi?"

Nikamwonyesha bomba la moshi. Askari mmoja alicheka. Sheha hakucheka.

"Mwalimu, ukiripua tena nakuandikia ripoti. Na babako namwandikia yake."

Sasa gari haiwaki hata juani. Nimeiharibu zaidi. Siku tano zimebaki.

Jumapili, 12 Mei

Lazima niliandike hili kama lilivyokuwa.

Nilikuwa nimeinama kwenye injini. Mzee Faki akapita na beberu lake, akasimama penye ua wetu. Hakunitazama. Akaligeukia beberu, kwa sauti ya mtu anayeadhini.

"Husikii wewe! Umesoma mpaka umepitiliza! Moja, mbili, tatu, nne, hiyo ya chekechea. Injini ni moja, tatu, nne, mbili. Umesikia? Moja, tatu, nne, mbili!"

Beberu likang'ata jani la mgomba wetu. Akalivuta kamba, wakenda zao.

Niliandika kiganjani. Jana nilizirudisha waya kwa mfuatano, kama watoto kwenye mstari wa asubuhi. Ilionekana sawa kabisa. Nikazipanga kama lilivyoambiwa beberu. Injini ikawaka mara moja.

Nililia ndani ya gari, vioo nimevipandisha. Baba alikuwa barazani. Alisikia kila neno. Aliendelea kusoma gazeti la wiki iliyopita.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua. Haikuwaka.

Nilijua. Nilirekebisha kosa langu tu, ugonjwa wenyewe uko palepale. Nimefungua kifuniko cha disitributa, kile ambamo umeme hugawiwa kwenda kwenye waya nne. Nimekiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kina ufa mwembamba kama unywele. Unyevu unaingia humo na cheche inapotea.

Nimeuziba ufa kwa nta ya mshumaa. Nimemwambia Asha kazi imekwisha. Kwa nini nimemwambia hivyo?

Jumanne, 14 Mei

Nta imeyeyuka.

Wete hawana kifuniko kama hiki. Labda Unguja, kasema mwenye duka. Labda wiki ijayo.

Sijala.

Jumatano, 15 Mei

Nimevuka barabara.

Ni hatua ishirini labda. Baada ya alasiri, watu wote wakiona. Mzee Faki alikuwa barazani kwake akinoa kisu.

"Shikamoo, Mzee Faki."

Aliendelea kunoa. Nilidhani hatoitikia. Ningestahili.

"Marahaba. Miezi sita nnaingoja hiyo shikamoo. Nayo ilizimika njiani?"

Nikamnyooshea kifuniko. Hakukishika. Alikitazama tu, akaingia ndani, nikasikia akipekua makopo. Akarudi na kingine, cha rangi ya kahawia, kikuukuu, kizima.

"Hiki cha gari iliyokufa. Pangusa ndani kwanza. Babako usimwambie kimetoka wapi."

"Atajua, Mzee."

"Ajue. Lakini asiambiwe."

Nimekifunga. Nimemwaga ndoo mbili za maji juu ya boneti, nimepiga stata mara tatu. Mara tatu imewaka. Bado siamini. Mvua imeanza tena.

Ijumaa, 17 Mei

Mtoto wa kike. Asha mzima. Jana gari iliwaka mvuani, ikatufikisha Chake bila kukohoa.

Leo asubuhi Baba alifungua boneti. Nilimwona kutoka jikoni. Alikitazama kile kifuniko cha kahawia kwa muda mrefu, akakipangusa kwa kidole, akaifunga boneti taratibu.

Kisha akavaa kofia, akatoka. Beberu la Mzee Faki lilikuwa limefungwa ng'ambo, kwenye mnazi. Baba alisimama upande wetu wa barabara.

"Mtoto wa kike," akaliambia. "Mama yake mzima, alhamdulillahi. Kamwambie bwana wako."

Beberu liliendelea kutafuna. Ndani ya nyumba ile, nyuma ya dirisha, mtu akakohoa.